Hofu Ndani ya Kioo cha Kompyuta

Kila zama huwa na makao yake ya mashetani. Wazee wetu waliogopa mibuyu, magofu na njia panda. Vijana wa leo wameihamishia hofu hiyo ndani ya kompyuta. Sisemi hivyo kwa kuwabeza. Ipo michezo ya kutisha ambayo vijana wengi huibuni wenyewe majumbani, bila kampuni wala mshahara, kwa mapenzi tu. Michezo hiyo ina historia yake, na historia hiyo inatuhusu hata sisi tusioicheza.

Baadhi ya michezo hiyo haina makaburi wala mizimu. Mchezaji anapoifungua huona sura ya kompyuta ya zamani: madirisha ya kijivu, vijipicha vya mafaili, saa pembeni. Vyote hivyo vimechorwa. Ni kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta ya kweli. Mara mambo huanza kwenda kombo. Kitufe cha kufunga hakifungi. Faili lisilokuwapo lajitokeza likiwa na jina la mchezaji mwenyewe. Ujumbe wa hitilafu huuliza maswali ambayo mashine haina haja ya kuyauliza.

Chimbuko la jambo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1982 Rich Skrenta, kijana wa Kimarekani aliyekuwa bado mwanafunzi, alitunga kirusi kiitwacho Elk Cloner, kilichosambaa kwa diski za kompyuta za Apple II. Kila diski yenye kirusi hicho ilipowashwa mara ya 50, kioo kilionyesha shairi fupi. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha huo ulifichua kwamba mashine yaweza kusema jambo ambalo mwenyewe hakuiagiza.

Agosti 24, 1995, Microsoft ilitoa Windows 95, na sura yake ikawa ndiyo sura ya kompyuta kwa mamilioni ya watu. Sisi tuliokuwa maofisini Afrika Mashariki miaka hiyo twakumbuka heshima iliyopewa mashine hizo. Chumba cha kompyuta kilikuwa na zulia na kiyoyozi, na tulivua viatu mlangoni kama waingiao msikitini. Jioni mashine ilifunikwa kitambaa. Kilichoandikwa kiooni hakikubishiwa.

Heshima hiyo haikukaa muda mrefu bila kutumiwa vibaya. Mwaka 1999 ilitokea programu ya BonziBuddy, ambayo baadaye ilijulikana kwa sokwe wake wa zambarau, mcheshi, aliyezungumza na mtumiaji na kumwimbia. Watoto walimpenda. Mwaka 2004 kampuni iliyomtengeneza ilikubali kulipa dola 75,000 kwa serikali ya Marekani, baada ya kushtakiwa kwamba ilikusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi. Waama, kikulacho ki nguoni mwako.

Watunzi wa michezo waliijua hofu hiyo. Mwaka 2002 mchezo wa Eternal Darkness uliwahadaa wachezaji kwa kujifanya unafuta kumbukumbu zao. Mwaka 2011 ikaenea hadithi ya Sonic.exe, na mwaka uliofuata shabiki mmoja akaigeuza kuwa mchezo. Hata jina lake limeazima ile tamati ya mafaili ya programu. Mwaka huohuo wa 2012, Ivan Zanotti wa Italia alitoa IMSCARED, mchezo unaotoka nje ya mipaka yake na kuacha mafaili ndani ya kompyuta. Katika Doki Doki Literature Club, wa mwaka 2017, mchezaji hulazimika kuingia kwenye mafaili na kumfuta mhusika kwa mkono wake. Na Januari 2024 ukatoka KinitoPET, wenye rafiki wa kompyuta anayemkumbusha mtu yule sokwe wa zambarau.

Nimejiuliza kwa nini vijana hawa, ambao wengi wao hawakuzaliwa Windows 95 ilipotoka, huirudia sura ile ile. Naona ni kwa sababu mtu hatishwi sana na asichokiamini. Jini la porini lina mbali. Dirisha la kijivu linalosema kwamba kila kitu ki salama ndilo tulilofundishwa kuliamini, na likigeuka hatuna pa kukimbilia.

Jirani yangu, mjane aliyekuwa akiweka akiba ya ada ya mjukuu wake, alipokea ujumbe kwenye simu ulioandikwa kwa mtindo uleule wa ujumbe wa malipo. Alifuata maelekezo hatua kwa hatua, na akiba ikaenda yote. Hakuwa mjinga; anahesabu fedha vizuri kuliko mimi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba sura ya mashine yaweza kuigizwa, kama vile mwigizaji avaavyo joho la kadhi.

Kwa hiyo, msomaji, ukimkuta kijana wako usiku akicheza michezo hii, usiharakishe kuizima. Keti naye umwulize: umejuaje kwamba dirisha hili ni la uongo? Atakuonyesha ishara moja baada ya nyingine. Zisikilize kwa makini, kisha umpeleke akamwonyeshe na bibi yake.