Uchumi wa kibayolojia katika Kaskazini Mashariki ya Kenya

Uchumi wa kibayolojia ni uzalishaji unaotegemea mimea, wanyama, vijidudu na mabaki yao ili kupata chakula, dawa, nishati na malighafi za viwandani pasipo kuimaliza asili yake. Mwongozo wa kikanda ni mkakati wa Afrika Mashariki wa 2021/22 hadi 2031/32, na Kenya ina pia mkakati wake wa nishati ya kibayolojia wa 2020 hadi 2027.

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, rasilimali ya kutajwa kwanza baada ya mifugo ni utomvu wa miti ya porini, yaani ubani, manemane, ambayo Wasomali huiita malmal, na hagar, ambayo wafugaji huitumia pia kufukuza kupe. Utomvu huvuja wenyewe gome linapojeruhiwa na wadudu au wanyama, ukaganda kuwa madonge ambayo wanawake na wachungaji huyabandua wakati wa kiangazi, maziwa yanapopungua. Na kwa kuwa mti hauchanjwi, uvunaji huo hauudhuru. Sehemu kubwa huuzwa ghafi, kabla ya kukenekwa mafuta, hivyo faida nono huvunwa ng'ambo.

Mathenge ni suala gumu zaidi. Mti huu wa Amerika ulipandwa Bura, ng'ambo ya pili ya mto Tana, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupata kuni, ukasambaa hadi mwaka 2008 ulipotangazwa kisheria kuwa gugu hatari. Mbuzi na ngamia hula maganda yake matamu, lakini mbegu hupita tumboni nzima na kuota penye kinyesi, kwa hiyo maganda hayafai kuwa lishe mpaka yasagwe. Kuuchoma mkaa hupendekezwa mara nyingi kama njia ya kuupunguza. Hoja hiyo ina walakini, kwani kisiki huchipua upya, na mchoma mkaa mwenye soko la uhakika hana sababu ya kuking'oa.

Katiba ya 2010, ibara ya 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya jadi kuhusu viumbehai. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikwa kwa amana na serikali ya kaunti, na kwa hiyo mapatano juu ya malisho yenye miti ya hagar yanaweza kuanzia ofisini kabla ya kumfikia anayeubandua utomvu.