Ngozi Isiyooza, Msuli Unaoota

Mji wa Turbo, nchini Kenya, upo kwenye reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 ikielekea Uganda. Kwa miongo mingi nchi hii ya Uasin Gishu ilijulikana kwa miwati, miti yenye asili ya Australia. Kampuni ya East African Tanning Extract, ambayo watu waliiita EATEC tu, ilikuwa na mashamba makubwa ya miti hiyo. Magome yalibanduliwa, yakapelekwa kiwandani Eldoret, yakatolewa tanini ya kutengenezea ngozi.

Ngozi mbichi, kwa sehemu kubwa, ni kolajeni: nyuzi za protini zilizosokotwa tatu tatu, chakula kizuri cha bakteria. Tanini hupenya katikati ya nyuzi na kuzifunga, bakteria wakashindwa kuzivunja. Ndiyo maana kiatu hudumu. Fundi wa ngozi anataka kolajeni isiyooza. Mtabibu wa misuli, ilikuja kubainika, anaitaka ile inayooza.

Ilichukua muda kulijua hilo. Mwaka 1961 Alexander Mauro, akichungulia msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni, aliona seli ndogo zimejibanza ubavuni mwa nyuzi za msuli. Hizo ndizo huamka msuli unapochanika, zikaukarabati. Lakini nyama ikitoka pande kubwa, kwa risasi au ajali ya barabarani, seli hukosa pa kushikilia na kovu hujaza pengo. Kovu halijui kujikunja.

Dokezo la kuziba pengo hilo lilitoka kwenye mshipa wa damu. Mwaka 1987, katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, Stephen Badylak alichukua kipande cha utumbo mwembamba akakiweka mahali pa mshipa mkuu wa damu wa mbwa. Badylak alikuwa daktari wa mifugo aliyesomea pia tiba ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Indiana, kilekile ambacho baadaye kilishirikiana na skuli ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Mbwa aliishi. Alipochunguzwa, utumbo haukuonekana tena. Palikuwa na kitu kilichofanana na mshipa.

Watafiti wakaendelea na viungo vya nguruwe, utumbo na kibofu, wakiondoa seli na kubakiza kiunzi chenye kolajeni. Kiunzi kilichofungwa kwa kemikali, mwili ulikizungushia kovu. Kisichofungwa kilimeng'enywa, na mabaki yake yakaita seli za kujenga.

Mwaka 2014, akiwa Pittsburgh, Badylak na wenzake waliripoti wagonjwa 5 waliopoteza msuli na kuwekewa kiunzi hicho kisichofungwa. 3 walipata nafuu ya kupimika. Mwaka 2016 wakafika 13, nguvu zikiwa zimepanda kwa wastani wa 37% katika miezi 6. Wengine waliojaribu kwa panya walipata kovu zaidi kuliko msuli, na ubishi haujaisha. Wenye shaka hutaja mazoezi ya viungo yaliyoanza mara baada ya upasuaji. Wagonjwa wale, hata hivyo, walikuwa wamefanya mazoezi hadi yakafika kikomo kabla hawajapasuliwa.