Hukumu ya mdahalo na hukumu ya debe

Mohamed Abduba Dida aliingia katika mdahalo wa kwanza wa wagombea urais nchini Kenya akiwa mwalimu ambaye wengi hawakuwahi kumsikia, akatoka akiwa gumzo mitaani. Ilikuwa Februari 11, 2013, katika shule ya Brookhouse, Nairobi. Mwanzoni waandaaji hawakuwa wamemtengea nafasi. Paul Muite, wakili mkongwe aliyeachwa nje pia, alikwenda mahakamani, na mwishowe wagombea sita wakawa wanane.

Usiku ule vituo vikubwa vya televisheni vilirusha matangazo hayo hayo, kwa hiyo asiyetaka siasa hakuwa na pa kukimbilia. Linus Kaikai na Julie Gichuru waliongoza maswali, karibu yote kwa Kiingereza. Hilo nalo liliwapunguza waamuzi: bibi wa kijijini asiyejua Kiingereza alibaki kusoma nyuso na kungoja wajukuu wamsimulie.

Swali lililokumbukwa zaidi lilihusu The Hague. Uhuru Kenyatta na mgombea mwenza wake, William Ruto, walikuwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko huko. Mpinzani wake Uhuru, Raila Odinga, alisema itakuwa shida kuendesha serikali kwa Skype kutoka huko. Uhuru alijibu kwamba hayo ni masaibu yake binafsi, na Wakenya wengi wana ya kwao lakini kazi wanafanya. Refa wa ndondi angempa Raila raundi hiyo bila kusita. Tatizo ni kwamba Uhuru hakuwa akiongea na refa. Aliongea na waliokwisha kuamini kwamba kesi ile ni njama ya wageni, na kwao jibu fupi, la utulivu, lilitosha.

Mgombea mwingine, Peter Kenneth, alisifiwa kwa mipango na takwimu zake. Machi 4 debe likatoa hukumu yake: Uhuru asilimia 50.07, Kenneth hata asilimia moja hakufika. Dida, aliyekuwa hana mtandao wa chama wa kutajika, alipata kura 52,848 na kumpita Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria. Ndiyo maana naona wachambuzi wanaohangaika kumtafuta mshindi wa mdahalo wanauliza swali dogo. Mdahalo ule haukumpa mtu Ikulu. Ulimpa mtu asiyejulikana jina.

Vigogo waliliona hilo mapema. Kambi ya Uhuru ililalamika kwamba hakutendewa haki na kutangaza kwamba hatahudhuria mdahalo wa pili, wa Februari 25. Alifika dakika za mwisho. Mwaka 2017, akiwa rais, hakufika kabisa, na Raila akajibu maswali peke yake katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 54, matokeo ambayo Mahakama ya Juu iliyafuta Septemba. Julai 2022 ikawa zamu ya Raila kususia, Ruto akabaki na waendeshaji, Yvonne Okwara na Eric Latiff. Raila, basi, alihudhuria akashindwa, akasusia akashindwa. Anayetaka kutoa kanuni hapo na ajaribu.

Mwaka huo mapambano ya kweli yalikuwa ya wagombea wenza, wiki moja kabla. Karua, sasa mgombea mwenza wa Raila, alijenga hoja kama wakili aliye mbele ya jaji. Rigathi Gachagua, mgombea mwenza wa Ruto, aliongea kama yuko mkutanoni Nyeri, akiilaumu serikali ambayo Ruto mwenyewe alikuwa naibu rais wake. Kwa kipimo cha hoja, mimi ningempa Karua. Agosti, Ruto na Gachagua walishinda kwa kishindo Mlima Kenya, Kirinyaga ikiwemo, kaunti ya nyumbani kwa Karua mwenyewe.