Bibi Asiyeonekana Daftarini: Kutafuta Asili Katika Mtaa wa Bwiza

Methali yetu yasema: mwacha asili ni mtumwa. Darasani huwa twaieleza kuwa ni onyo kwa mtu anayedharau kwao. Hata hivyo, historia ya miji ya kando ya Ziwa Tanganyika yatulazimisha kuitazama kwa jicho jingine. Wazee wengi waliotutangulia huko hawakuiacha asili yao, walitenganishwa nayo. Mjukuu anayewatafuta leo hukuta majina yasiyo na kwao, na mara nyingi hukuta jina la babu pasipo la bibi. Makala haya yataeleza mzee wa namna hiyo atafutwe vipi, na kwa nini aliye mgumu zaidi kupatikana ni mwanamke.

Tuchukue mfano wa Bwiza, mtaa wa mji wa Bujumbura. Bwiza na jirani yake Buyenzi ni mitaa ya Waafrika iliyokua chini ya utawala wa Wabelgiji, ambao majeshi yao yaliuteka mji huo, ukiitwa Usumbura, mwaka 1916. Walitawala hadi uhuru wa Burundi, tarehe 1 Julai 1962. Humo walikutana Warundi, Wakongo, Wanyarwanda na watu wa Ujiji, na Kiswahili kikawaunganisha. Baadhi yao walikuwa wazao wa watu walioletwa na misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19, iliyopita Tabora na Ujiji hadi Umanyema.

Kikwazo cha kwanza ni jina lenyewe. Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana na Burton na Speke hadi Ujiji mwaka 1858, alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akapelekwa India. Jina hilo latueleza alikopitishwa. Halitaji Uyao hata kidogo. Watu wangapi wasio mashuhuri walibeba majina ya namna hiyo hadi kaburini!

Aidha, desturi za kutoa majina hazifanani. Kwa mila ya Kirundi kila mtoto hupewa jina lake, si la ukoo, hivyo ndugu wa tumbo moja waweza kuwa na majina yasiyofanana kabisa. Mwislamu naye huitwa fulani bin fulani, na jina la mwisho hubadilika kila kizazi. Kisha akaja karani aliyezoea imla ya Kifaransa: Juma akawa Djuma, Rajabu akawa Radjabu, Shabani akawa Chabani. Mtafutaji wa asili, basi, hana budi kusoma kwa sikio kuliko kwa jicho.

Kikwazo cha pili ni kusudi la madaftari. Serikali ya kikoloni haikuwahesabu watu ili wajukuu waje wawajue babu zao. Iliwahesabu kwa ajili ya kodi na kazi. Mlipa kodi kwa kawaida alikuwa mwanamume, na mkewe akaingia kama nyongeza ya nyumba yake. Mwanamke alipotafutwa kwa jina lake, mara nyingine ilikuwa kwa ubaya. Wabelgiji walitoza kodi wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao, na katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi waliipinga kodi hiyo. Miongoni mwao walikuwamo wajane na waliopewa talaka, watu wa heshima zao, ambao waliona kuwa kuandikwa katika orodha hiyo ni kuvunjiwa utu. Hivyo bibi aliyeikwepa orodha ya namna hiyo hakupotea kwa uzembe wa karani tu. Yawezekana alijificha kwa hiari ili kulinda jina lake.

Nyaraka za utawala wa Kibelgiji zimehifadhiwa kwa wingi Brussels; za Wajerumani ziko Berlin na Dar es Salaam. Sensa za Burundi huru, kuanzia ile ya mwaka 1979, hutangaza jumla za watu, si majina yao.

Siku hizi wengi hukimbilia vipimo vya vinasaba, yaani DNA. Yafaa tujue vinapima nini. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Vinasaba vya mitokondria mama huwapa watoto wake wote, lakini mabinti tu ndio huvirithisha mbele. Katika kizazi cha nne juu yetu kila mmoja ana wazee 16. Njia hizo mbili humwonyesha mwanamume wawili tu kati yao. Wale 14 waliobaki hutafutwa katika vinasaba vingine, ambamo kila mzee wa kizazi hicho ameacha, kwa wastani, sehemu moja tu ya 16. Kisha majibu hupatikana kwa kulinganisha na watu waliokwisha kupimwa. Na watu wa Maziwa Makuu waliopimwa bado ni wachache.

Hata hivyo, damu yaweza kusema neno ambalo daftari lilinyamazia. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya Waswahili. Ilionekana kuwa wazee wao wa Kiasia walikuwa hasa wanaume kutoka Uajemi, na wazee wa Kiafrika walikuwa hasa wanawake. Masimulizi ya Washirazi yalihifadhi sifa za akina baba. Mifupa imewarudisha akina mama.

Lakini tahadhari. Katika nchi iliyoona mauaji ya mwaka 1972 na ya 1993, swali la asili si mchezo. Kipimo cha vinasaba hakitoi uraia wala hakimwondolei mtu haki ya kuitwa mwenyeji. Wala hakitoi jina: chaweza kuonyesha kuwa bibi alikuwako, kisiseme aliitwa nani.

Jina hilo limo midomoni mwa wazee. Hapo ndipo ilipo kazi yetu walimu. Tuwaagize wanafunzi waandike majina ya bibi zao, na ya mama wa bibi zao, kwa matamshi ya wenyewe, kabla wasimulizi hawajatutoka.