Neno Grafu na Madaraja ya Ruzizi

Neno "grafu" limebeba maana mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni mchoro wa uhusiano baina ya idadi mbili zinazobadilika, nayo inatokana na wazo la René Descartes (1637) la kuieleza mistari iliyopinda kwa aljebra. Humo mahali pa kila nukta pana thamani: ukiisogeza, umegeuza ukweli.

Ya pili ilianza mwaka 1735, Leonhard Euler alipoionyesha Akademia ya St. Petersburg kwamba haiwezekani kuyavuka madaraja saba ya Königsberg, kila moja mara moja tu. Euler aliacha umbali na umbo. Alihesabu tu madaraja yanayogusa kila kipande cha nchi. Jina lilikuja baadaye: J. J. Sylvester alilitoa mwaka 1878, akiongozwa na michoro ya wanakemia.

Tuutazame mto Ruzizi, utokao Ziwa Kivu hapa Bukavu. Chora vipeo viwili, Kongo na Rwanda, na mistari miwili, madaraja ya Ruzizi I na Ruzizi II. Kila kipeo kina mistari shufwa. Msafiri atayavuka yote mara moja moja na kurudi kwake. Ongeza daraja la Kamanyola: mistari imekuwa witiri, naye, apite apitavyo, atalala ng'ambo. Jibu hilo halibadiliki hata ramani ikichorwa kombo.

Basi mwanafunzi asiachiwe neno moja kwa mambo mawili. Maana ya pili na iitwe "mtandao wa vipeo". "Grafu" ibaki ya kwanza.