Kasongo 1876: kazi moja, bei mbili

Ndugu wenye diplome, mbele ya kumujibu mukubwa wa kazi "nakubali", mukumbuke historia ya kwetu. Oktoba 1876, upande wa Kasongo, Stanley alimuomba Tippu Tip amusindikize kushuka Lualaba. Stanley anaandika: mwendo mara 60, kila mara masaa 4, dola 5000. Tippu Tip, akisimulia maisha yake, anataja 7000. Nani alidanganya? Mimi naona kila mutu alisikia yenye alipenda. Pori likawa zito, ndui ikaua watu, wakaachana Desemba, mara 60 hazijatimia. Na zile zawadi za ahadi? Tippu Tip anasema alipata picha tu, ya Stanley mwenyewe. Wapagazi waliokufa hawatajwi katika 5000 wala 7000.