Mama Trowell, Ntiro na Malori ya Tunduma

Hadithi yangu ya kwanza ilirudishwa. Mhariri mmoja, simtaji, aliniandikia kwamba lugha ni nzuri ila malori ni mengi mno. Nimpelekee kijiji, ngoma, na bibi anayesimulia kando ya moto. Mimi nimekulia Tunduma. Alfajiri nasikia breki za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, siyo ngoma. Kijiji nikitoe wapi?

Ni katika siku hizo za hasira nilipokutana na habari za Margaret Trowell.

Mama huyu alizaliwa London mwaka 1904. Alisomea uchoraji chuo cha Slade, halafu ualimu kwa Marion Richardson, aliyefundisha watoto kuchora wanachokiona wakiwa wamefumba macho. Mwaka 1929 alikuja Kenya na mumewe, daktari Hugh Trowell, na 1935 wakahamia Uganda. Alianza kufundisha barazani kwake Mulago, kisha 1937 mafunzo yakaingia Makerere. Shule hiyo ya sanaa ina jina lake hadi leo.

Hakuwatengea wanafunzi chungu mezani wakinakili. Aliwasimulia tukio, mara nyingine kisa cha Biblia, kila mtu akachora alivyoliona kichwani mwake. Mwaka 1939 kazi zao zikaonyeshwa London. Enzi hizo Wazungu wengi waliamini Mwafrika ana ufundi wa mikono tu, sanaa hana. Kwa hiyo halikuwa jambo dogo, nampigia makofi.

Ila subiri kwanza. Mama huyo huyo aliogopa wanafunzi wasije wakaharibika kwa kuiga Ulaya, akawa mwangalifu sana na vya kuwaonyesha. Yeye Slade aliipata yote! Sasa nani alimpa kazi ya kupima Uafrika wa mtu? Hapo namwona mhariri wangu kabisa. Alipostaafu mwaka 1958, Cecil Todd aliyemrithi ndiye aliyewafungulia wanafunzi mlango wa sanaa ya Ulaya.

Basi mchukue Sam Ntiro, mtoto wa Machame, Kilimanjaro, aliyezaliwa 1923. Alisoma kwa mama, akafundisha Makerere, na 1952 akaenda Slade ile ile, akakaa mpaka 1955. Huko aliona kila kitu. Akarudi anachora vile vile: watu wadogo wadogo wengi, migomba, mlima, vivuli hakuna. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Uhuru ulipokuja, akawa balozi wa Tanganyika London.

Wapo wanaosema mama alimfunga. Mimi, kusema kweli, nilibishana na nafsi yangu siku nyingi kuhusu hilo. Mtu aliyekwenda hadi Slade akaamua kubaki na migomba, amefungwa vipi? Alikulia chini yake. Migomba ile ndiyo malori yake.

Hadithi nimeiandika upya. Malori sikuyatoa. Nimeongeza moja, la shaba kutoka Zambia, dereva kalala chini yake siku ya tatu, na mama ntilie anamdai chai. Nimeipeleka kwa mhariri mwingine.